MSTAAFU HAKUOMBA MSAMAHA



Katika mkutano wa tawi uliopita alisimama mama mmoja mchumaji, aliyebakiza miezi michache tu kufika umri wa kuacha kazi. Akauliza swali ambalo siku ile hatukulijibu. Alisema: "Nimeambiwa nikitoka hapa nitaitwa mstaafu. Neno hilo maana yake nini, na nani alilileta? Kwetu mtu akizeeka huitwa mzee, basi." Watu walicheka, naye akacheka, kisha mkutano ukaendelea na habari za michango.

Lakini swali la mama yule lilitufuata mpaka nyumbani. Tumeulizana, tumefungua kamusi, tumewauliza waalimu na wazee wa msikitini wanaojua Kiarabu. Leo twataka kumjibu yeye, na ninyi nyote mnaosoma karatasi hii, tangu Kericho mjini mpaka Litein, Sotik, Konoin na Bomet. Kuna watakaosema kwamba chama kina kazi kubwa kuliko kuchambua maneno. Tunawaomba wasome mpaka mwisho. Katika kazi yetu neno moja katika barua laweza kuwa tofauti ya maelfu ya shilingi.

Neno "kustaafu" limetoka katika Kiarabu. Asili yake ni kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru, kuomba kuondolewa katika kazi. Mzizi wake ndio ule ule uliotupa neno "afu", yaani kusamehe au kuokoa, na neno "afya" pia. Kwa hiyo mstaafu, tukilifuata neno mpaka kwenye mizizi yake, ni mtu aliyemwendea mkubwa wake akasema: Bwana, nisamehe, niache niende. Lilikuwa neno la kufaa kwa waziri au karani wa mfalme aliyechoka na kazi ya baraza. Aliomba ruhusa, akapewa, akaenda zake kwa heshima.

Sasa tumtazame mchumaji wa chai. Yeye hakuomba kuachiliwa. Ameamka kabla ya jua kwa miaka 25 au 30, amefunga aproni ya plastiki, amebeba kikapu mgongoni, amechuma majani mawili na kichipukizi katika mvua ya Kericho ambayo ninyi mnaijua. Siku moja ofisini wanatazama tarehe ya kuzaliwa kwake, wanamwandikia barua. Hakuna ombi hapo, wala msamaha. Umri umefika, mwili umechoka, kazi imekwisha. Hata hivyo tunamwita kwa neno la mtu aliyeomba msamaha, na mara nyingi yeye mwenyewe anaingia ofisini kwa sura ya mtu anayeomba msamaha. Anasimama mlangoni kofia mkononi. Anashukuru kabla hajajua anapewa nini. Haulizi hesabu.

Hilo ndilo tunalotaka kuliondoa.

Mama yule alisema kweli, kwetu mtu akizeeka huitwa mzee. Wakipsigis humwita boiyot, Wagusii humwita omogaka, Wajaluo humwita jaduong'. Maneno yote matatu ni ya heshima, na hakuna hata moja lenye maana ya mtu aliyeondolewa kazini. Zamani mzee hakuondolewa kazini, alibadilishiwa kazi. Aliacha kuchunga na kwenda vitani, akakaa barazani kuamua mashauri, na chakula chake kilitoka katika shamba na mifugo ya jamaa. Neno la mtu asiye na kazi kwa sababu ya umri halikuwapo, kwa maana jambo lenyewe halikuwapo.

Jambo lenyewe lililetwa na mshahara. Mashamba makubwa ya chai yalipoanza kupandwa hapa Kericho katika miaka ya 1920, mfanyakazi alikuwa na kipande. Kipande kiliandika jina lake, mwajiri wake, siku alizoingia na siku aliyotoka. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, na baada ya vita vile vya kwanza ikaanza kutumika. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri ilimpasa kuwa nacho. Kilijua mengi juu ya mtu, lakini hapakuwa na mahali palipoandikwa atakula nini akizeeka. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walikuwa na jibu lao: atarudi rizavu. Kwa sababu hiyo mshahara ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala watoto, na uzee ukaachiwa shamba la nyumbani lilishe. Mpaka mwaka 1954 ndipo kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilipoandika kwamba mshahara unapaswa kumtosha mtu na jamaa yake.

Na wengine rizavu yenyewe ilikuwa imepunguzwa. Ninyi wa Kericho hamna haja ya kuelezwa mashamba haya yalikuwa ya nani kabla ya chai. Mtu aliambiwa arudi shambani kwake akiwa mzee, na shamba lile ndilo alilokuwa akichuma chai ya mwingine juu yake.

Sasa twende mbali kidogo, kisha tutarudi. Mwenzetu mmoja katika tawi ana binti anayefanya kazi ya uuguzi Ujerumani. Vijana wetu wanaokwenda huko wamezidi, hasa tangu serikali yetu na ya Ujerumani zilipotia sahihi mkataba wa wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024. Binti huyo huwatunza wazee, na amemwandikia baba yake kwamba wazee wa huko hujiita Rentner. Wanalitamka neno hilo, asema, kama mtu anayetaja cheo chake. Tukalifuata neno hilo pia, tukaona lina habari inayotuhusu.

Rentner ni mtu mwenye Rente. Rente ni neno ambalo Wajerumani walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilipata katika Kilatini, na huko maana yake ni kitu kilichorudishwa. Shamba linarudisha mavuno, nyumba inarudisha kodi, fedha zilizowekwa zinarudisha faida. Rentner wa zamani hakuwa mfanyakazi hata kidogo. Alikuwa tajiri, mtu mwenye mali iliyomletea pato wakati yeye amekaa. Mwenye ekari mbili za chai kule Bomet, ambaye wengine humchumia naye hupokea bonasi ya kiwanda, angeweza kuitwa Rentner kwa maana ile ya kwanza.

Basi neno la tajiri lilimfikiaje mfanyakazi? Tarehe 22 Juni 1889 Ujerumani, wakati wa Bismarck, ilitoa sheria ya bima ya ulemavu na uzee kwa wafanyakazi, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1891. Mfanyakazi alilipa nusu, mwajiri akalipa nusu, na serikali ikaongeza fungu lake. Kila mmoja alikuwa na kadi, na kwenye kadi hiyo zilibandikwa stempu za malipo yake. Aliyelipa miaka 30 na kufika umri wa miaka 70 alilipwa Rente mpaka kufa kwake.

Tusidanganyane kwamba Bismarck alikuwa rafiki wa wafanyakazi. Mwaka 1878 yeye huyo ndiye aliyepiga marufuku vyama vya kisoshalisti. Alitoa bima kwa mkono mmoja na marungu kwa mkono wa pili, akitumaini kwamba wafanyakazi wataishukuru serikali na kuwasahau viongozi wao. Tena umri wa miaka 70 ulikuwa mkubwa mno, na wengi walikufa kabla ya kuufikia. Ilichukua mpaka mwaka 1916 kuushusha kuwa miaka 65. Mwaka 1957 ndipo Rente ilipofungamanishwa na mishahara, ili mishahara ya wanaofanya kazi ikipanda, ya mzee nayo ipande.

Lakini angalieni neno lilivyofanya kazi yake. Sheria ingeweza kuita malipo yale sadaka, au zawadi ya Kaiser. Iliyaita Rente, neno la mwenye mali. Basi mfanyakazi aliyebandika stempu zake akawa amehesabiwa kama mtu mwenye mali, na mali yake ilikuwa zile stempu, yaani miaka yake ya kazi. Alichopokea uzeeni kilikuwa ni chake kilichorudishwa. Baadaye, mwaka 1923, fedha ya Ujerumani ilipoporomoka hata mkate ukauzwa kwa mabilioni ya maki, wale Rentner wadogo wa zamani waliokuwa wakiishi kwa akiba zao waliangamia. Neno likabaki kwa wafanyakazi. Leo mtu akisema Rentner huko, watu hawafikirii tajiri tena, wanamfikiria fundi, mshonaji au dereva aliyemaliza miaka yake.

Huyo ndiye mzee anayelitamka jina lake kama cheo. Hana deni la shukrani kwa mtu.

Wajerumani wana neno la pili, na hili sisi pia tunalo. Mtumishi wa serikali wa huko hapokei Rente, hupokea Pension. Nasi tulilichukua kwa Waingereza tukasema pensheni. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kupima kwa mizani, kwa sababu zamani fedha zililipwa kwa kupimwa uzito. Wachumaji, neno hili ni lenu! Hakuna watu wanaoijua mizani kuliko ninyi. Mnapanga mstari na vikapu, karani anasoma kilo, anaandika, na kama amekupunja kilo mbili unajua hata kabla hajafunga kitabu, kwa maana mgongo wako ulikwisha kuzipima. Pensheni ni kupimiwa. Basi iweje mtu anayegombea kilo mbili za majani leo jioni, siku ya kupimiwa miaka 30 asiitazame mizani?

Hapa kwetu maneno yamegawanywa kwa watu kama sahani za wakubwa na wadogo. Karani wa serikali na mwalimu walipata pensheni, kwa sheria, kila mwezi. Mfanyakazi wa shambani alipata "kiinua mgongo", mara moja, kisha kwaheri. Na wako wasimamizi waliokiita bakshishi.

Tuyatazame haya mawili. Bakshishi ni neno lililotoka kwa Waajemi, maana yake ni zawadi. Zawadi hutolewa na mwenye nacho kwa kupenda kwake. Akipenda atatoa nyingi, akipenda kidogo, akinuna hatoi, nawe huna pa kushtaki. Mtu akiita malipo yako ya uzeeni bakshishi, jua kwamba amekwisha kukuambia huna haki.

Kiinua mgongo ni neno jema zaidi, tena ni la Kiswahili chenyewe. Yeyote aliyelitunga aliwahi kuona mtu akifanya kazi ameinama. Linakiri kwamba kuna mgongo uliopindwa na kazi, na kwamba aliyepata faida ya kazi ile anapaswa kuuinua. Wachumaji wanajua kwamba hili si fumbo. Mwaka 2022 mahakama ya Edinburgh, huko Scotland, iliruhusu kesi ya pamoja ya wafanyakazi wa chai wa Kenya waliodai kwamba kazi imeumiza migongo na viungo vyao. Mabishano ya kesi kama hiyo ni marefu nasi hatuyaamui hapa. Twasema tu kwamba aliyesema "mgongo" alisema kweli.

Lakini kiinua mgongo nacho kina upungufu mmoja. Mgongo hauinuliwi mara moja ukabaki umeinuka miaka 20. Wengi wenu mmewaona wazee waliopewa fungu lao siku moja. Mwezi wa kwanza walinunua ng'ombe na mabati, mwezi wa pili wakalipa karo, mwezi wa sita wakawa wanaomba kibarua katika shamba la jirani. Hatuwalaumu. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa mshahara wa mwezi, na nyumba yake ilikuwa ya kampuni, siku ya kutoka anatafuta kiwanja, nyumba, sufuria na jembe kwa mara moja. Fungu hilo lina kazi kumi kabla halijafika mfukoni.

Serikali yetu haikukosa kuliona jambo hili. Mwaka 1965, miaka miwili baada ya Uhuru, sheria ilianzisha Hazina ya Malipo ya Uzeeni, NSSF. Mfanyakazi akatwe, mwajiri aongeze, akiba irudishwe uzeeni. Msingi ulikuwa ni ule ule wa stempu za Wajerumani, ila malipo yalikuwa ya mara moja, hayakuwa ya kila mwezi. Na kiasi kilikuwa kidogo mno. Tangu mwaka 2001 mfanyakazi alikatwa kisichozidi shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri akaongeza kiasi hicho hicho. Fanyeni hesabu wenyewe. Shilingi 400 kwa mwezi ni 4,800 kwa mwaka. Kwa miaka 20 ni shilingi 96,000, bila kuhesabu faida iliyoongezwa. Miaka 20 ya maisha ya mtu!

Sheria mpya ilitungwa mwaka 2013, ikakaa mahakamani karibu miaka kumi, na makato yake yakaanza Februari 2023. Mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri hulipa asilimia 6, kwa vipimo vilivyowekwa. Wengi walinung'unika, nasi tuliwasikia, maana maisha ni ghali na mshahara ni ule ule. Lakini tazameni. Mwenye mshahara wa shilingi 15,000 hutoa 900, na mwajiri hutoa 900 nyingine. Hizo ni 1,800 kwa mwezi badala ya 400, na nusu yake haikutoka mfukoni mwako. Kilio chetu kiwe kwamba mshahara upande, ili makato yasiumize. Tusilie kwamba akiba ifutwe. Anayefuta akiba yako leo hatakuwapo kukulisha kesho.

Kadhalika tangu mwaka 2018 serikali imeanza kuwalipa wazee wote waliofika miaka 70 na wasio na pensheni shilingi 2,000 kwa mwezi, katika mpango wa Inua Jamii. Ni jambo la shukrani kwa taifa, nasi tunalisifu. Lakini ona tena umri huo: miaka 70, ule ule wa Bismarck mwaka 1889. Mchumaji aliyeacha kazi na miaka 60 ana miaka kumi ya kuvuka kabla ya kuzifikia shilingi 2,000 hizo. Daraja la kuvukia ni akiba yake na kiinua mgongo chake. Kama mbao zimeoza ataanguka mtoni.

Sasa tumefika mahali ambapo maneno yanakuwa fedha, na tunaomba kila mtu asome kwa makini, na anayesoma amsomee mwenzake asiyejua kusoma.

Mashine za kuchuma chai zimeingia. Mwaka 2023 baadhi ya mashine zilichomwa moto hapa Kericho. Sisi hatukuifurahia kazi ya moto, lakini tuliielewa hasira iliyouwasha. Mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi. Na mashine ikiingia, huja barua, na barua hizo zina maneno mazuri. Moja ya maneno hayo ni "kustaafu mapema kwa hiari".

Kumbukeni maana ya kustaafu: kuomba kuachiliwa. Ongezeni "kwa hiari", ikawa kuomba kuachiliwa kwa kupenda kwako. Mtu wa miaka 48 mwenye nguvu zake, ambaye kazi yake imechukuliwa na mashine, anaweka sahihi kwamba yeye ndiye aliyeomba kwenda!

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inayo habari ya mtu ambaye kazi yake imeondolewa bila kosa lake. Huyo hakustaafu, amepunguzwa. Mwajiri lazima akiarifu chama na afisa wa kazi mwezi mmoja kabla, na aeleze sababu na idadi ya watu. Wa kupunguzwa wachaguliwe kwa haki, kwa kutazama muda wa kazi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Tena alipwe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Mtu wa miaka 20 ana siku 300. Hizo ni haki za aliyepunguzwa. Anayeondoka kwa hiari anapata kile kilichoandikwa katika karatasi aliyoitia sahihi, na sahihi yake ndiyo shahidi wa upande wa pili.

Hatusemi kwamba kila barua ya kustaafu mapema ni mtego. Nyingine zina malipo makubwa kuliko sheria inavyotaka, na mtu mwenye shamba lake au ugonjwa wake anaweza kufurahi kuichukua. Twasema, soma kwanza. Weka hesabu mbili kando kwa kando, ya kupunguzwa na ya kustaafu. Mlete mwakilishi wa chama aketi nawe. Usitie sahihi jioni hiyo hiyo uliyopewa karatasi, hata kama kalamu imewekwa tayari mezani.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Katika Tanganyika ya zamani walikuwako askari waliowapigania Wajerumani katika vita vya 1914 mpaka 1918. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa waliobaki hai haki yao ya zamani. Husimuliwa kwamba wazee mamia walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na karatasi za kuonyesha kwamba waliwahi kuwa askari. Bwana mwenye fedha akaona njia. Akampa kila mzee ufagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna mzee aliyekosea. Miili yao ilikumbuka kile ambacho karatasi zilikisahau.

Ni kisa kizuri, nasi tulikipenda. Lakini hakuna ofisi Kenya itakayokupa kikapu uchume chai mbele ya karani ili kuthibitisha kwamba ulifanya kazi miaka 30. Watataka karatasi. Na tumeona mambo mengi ya kusikitisha tawini kwetu: jina limeandikwa kwa njia tatu katika vitabu vitatu, nambari ya kitambulisho ina tarakimu moja ya kosa, miaka ya kibarua cha msimu haimo mahali popote, mjane hajui kama mumewe alimwandika kuwa mrithi. Kila kosa kama hilo ni rahisi kulisahihisha ukiwa kazini. Ukiwa nje, na umri umekwenda, na nauli ya kwenda ofisini ni tatizo, kosa hilo hilo huwa ukuta.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama wote wafanye haya. Kwanza, kila mtu apate taarifa ya akiba yake NSSF mwaka huu, asingoje kustaafu, na aone kama kila mwezi aliokatwa umeandikwa. Pili, weka barua ya kuajiriwa, hati za mshahara na kadi zako mahali pamoja pasipofika mvua wala panya. Tatu, andika warithi wako, na waambie. Nne, ukipewa barua yoyote yenye neno kustaafu ndani yake, ilete tawini kabla ya kalamu.

Na upande wetu, sisi tuliochaguliwa, hatuna budi kuwatendea haya. Katika mazungumzo ya mkataba tutazungumza juu ya malipo ya uzeeni kama sehemu ya mshahara, kwa sababu ndivyo yalivyo. Ni mshahara uliochelewa kulipwa. Tutadai kwamba miaka ya msimu ihesabiwe pamoja na mingine. Tutadai kwamba mfanyakazi aonyeshwe hesabu yake kila mwaka, kwa lugha anayoielewa, na kwamba anayekaribia kutoka aambiwe mapema apate muda wa kutafuta mahali pa kulala kabla ya kuiacha nyumba ya laini. Tukishindwa, mtuulize mkutanoni, kama mama yule alivyouliza.

Hatuna nia ya kulifukuza neno mstaafu. Limekwisha kuzoewa, nalo halina kosa. Neno la Wajerumani nalo lilianza kwa tajiri likaishia kwa mfanyakazi, kwa sababu wafanyakazi walilijaza haki yao mpaka likabadilika. Sisi pia twaweza kulijaza letu. Mzee wetu akitoka kazini, na aitwe mstaafu, lakini maana yake iwe mtu anayerudishiwa kilicho chake, aliyepimiwa kwa mizani ya haki, na mgongo wake umeinuka.

Ule mchai uliopandwa katika miaka ya 1920 ungali unachumwa mpaka leo. Unapogolewa, unatiwa mbolea, unapumzishwa, kisha unatoa tena, na hakuna aliyeuambia uombe msamaha kwa kuzeeka. Tusikubali mtu apewe heshima ndogo kuliko mti aliouhudumia.

Mama, hilo ndilo jibu letu. Utakapoingia ofisini siku yako ya mwisho, ingia umesimama wima. Vaa kofia yako. Kaa kwenye kiti. Uliza hesabu, mstari kwa mstari, kama unavyomuuliza karani wa mizani. Nasi tutakuwa tumeketi kando yako.

Umoja ni nguvu.